Bi Maabara Ajibu: Geji ya Zebaki Iliyokutwa Kabatini

Mwezi huu barua tatu zimenifikia, na zote zinahusu zebaki na hewa chache. Nimefanya kazi maabara miaka 31, mingi kati yake nikiwa nimesimama mbele ya pampu za ombwe, yaani za kufyonza hewa chomboni, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Barua za sabuni ya mwani na maji ya kisima nitazijibu toleo lijalo.

Tumekuta kitu cha kioo stoo

*Shikamoo Bi Maabara. Mimi ni msaidizi wa maabara katika chuo kimoja hapa Tudor, nina miezi saba kazini. Juzi tukipanga stoo tulikuta kabatini kitu cha kioo kirefu karibu mita moja, kimefungwa kwenye ubao. Chini kina chupa yenye zebaki na mpira mnene. Katikati kuna tufe la kioo kama chenza, na juu ya tufe mrija mwembamba sana uliozibwa ncha. Pembeni yake upo mrija mwingine mwembamba vile vile. Ubao una namba ambazo nafasi zake hazilingani: juu zimeachana, chini zimebanana. Mkuu wangu anasema ni geji ya ombwe ya zamani lakini hajawahi kuiona ikitumika. Je, inafanyaje kazi? Kwa nini mirija miwili? Na tuitupe au tuitunze? — Msaidizi, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale uliposema namba zimeachana juu na kubanana chini, niliiweka barua mezani nikatabasamu, maana kwa maneno hayo tu nimeijua. Hiyo ni geji ya McLeod. Msiitupe.

Hapa Mombasa, usawa wa bahari, hewa inaweza kubeba zebaki ndani ya mrija uliozibwa juu hadi kimo cha milimita 760 hivi. Torricelli alilionyesha jambo hilo Italia katika miaka ya 1640, na hadi leo watoto wa sekondari wanalisoma. Ukianza kuifyonza hewa kwa pampu, zebaki inashuka: 400, 100, 10, 1. Mpaka hapo rula inatosha. Lakini pampu nzuri haikomei kwenye milimita moja. Inateremka hadi sehemu moja ya elfu ya milimita na zaidi, na hakuna jicho linaloweza kuona zebaki ikisogea kiasi hicho.

Herbert McLeod alikuwa mkemia Mwingereza, mwalimu wa Cooper's Hill, chuo kilichoandaa wahandisi wa kwenda kufanya kazi India. Mwaka 1874 alieleza njia yake: ichukue ile hewa chache, nyingi kadiri unavyoweza kuibeba, kisha ibane mahali padogo mpaka presha yake ikue kiasi cha kusomeka kwa rula.

Fikiria watu kumi wametawanyika uwanja wa Makadara saa saba mchana. Ukipita na gari utasema uwanja ni mtupu. Sasa watie wote kumi ndani ya tuktuk moja. Watu ni wale wale, lakini sasa viwiko vinatoka nje na kila mpita njia anawaona. Ukijua ukubwa wa uwanja na ukubwa wa tuktuk, utajua pia jinsi walivyokuwa wametawanyika. Tufe lako la chenza ndilo uwanja wa Makadara. Ule mrija mwembamba uliozibwa ndio tuktuk.

Hesabu yake ni kanuni ya Boyle: gesi ikibanwa nafasi ikawa nusu, presha inakuwa mara mbili, mradi joto halibadiliki. Nitakupa namba ili uione. Tuseme tufe lina sentimita za ujazo 100, yaani milimita za ujazo 100,000, na tundu la mrija lina kipenyo cha milimita 1. Umepandisha zebaki, na kwenye ncha ya mrija uliozibwa pamebaki kipande cha hewa chenye urefu wa milimita 10. Kipande hicho ni karibu milimita za ujazo 7.85 tu. Hewa imebanwa zaidi ya mara 12,700. Zebaki ya mrija wa pembeni imesimama usawa wa ncha, milimita 10 juu zaidi, kwa hiyo presha yake sasa ni milimita 10 za zebaki, unaisoma kwa rula bila shida. Gawanya, utapata kwamba kabla ya kubanwa ilikuwa milimita 0.000785 za zebaki, sawa na karibu sehemu moja ya kumi ya paskali. Hewa tunayopumua ni karibu mara milioni moja ya hiyo. Umepima sehemu moja ya milioni kwa rula ya ubao! Mimi niliifanya hesabu hii mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 23, nikairudia mara tatu kwa sababu sikuamini.

Sasa utaelewa zile namba. Kipande cha hewa kikiwa kirefu mara mbili, presha ndani yake ni mara mbili na nafasi yake pia ni mara mbili, kwa hiyo jibu linakuwa mara nne. Milimita 20 si 0.00157, ni 0.00314. Ndiyo maana alama za juu, karibu na ncha, zimeachana na za chini zimebanana. Na ni neema kubwa, kwa sababu pale ombwe linapokuwa zuri zaidi ndipo jicho linapopewa nafasi pana ya kusoma.

Mirija miwili je? Zebaki ndani ya mrija mwembamba haitulii usawa wake wa kweli. Haipendi kugusana na kioo, kwa hiyo hujisukuma chini, na tundu likiwa jembamba inashuka zaidi. Kama ungelinganisha mrija mwembamba na mpana, ungesoma kosa la milimita kadhaa na kudhani ni hewa. Basi akawekwa pacha pembeni, tundu lile lile, ili wote wawili washuke sawasawa na kosa lijifute. Mirija hiyo miwili hukatwa kutoka kwenye mrija mmoja. Ukivunja mmoja usiungishe wowote tu ulioukuta dukani.

Namna ya kuitumia. Teremsha zebaki chini kabisa ya tufe, ili tufe liwasiliane na chombo mnachokipima. Ngoja dakika chache, kwa sababu hewa chache hutembea polepole kwenye mirija membamba. Kisha pandisha zebaki taratibu. Itapita njia panda chini ya tufe, na tangu hapo hewa iliyo ndani ya tufe haina pa kutokea. Endelea mpaka zebaki ya mrija wa pembeni ifike usawa wa ncha ya ule uliozibwa. Gonga kioo kidogo kwa ukucha ili zebaki iache kung'ang'ania. Soma. Teremsha. Rudia. Mimi sikuandika daftarini mpaka nipate namba moja mara tatu.

Nimesema taratibu, na nataka ulishike neno hilo. Tufe lenye sentimita za ujazo 100 likijaa zebaki linabeba zaidi ya kilo moja na robo. Ndani ya ombwe hakuna hewa ya kuipokea kama mto, kwa hiyo ukiiachia ghafla inagonga ncha ya mrija kama nyundo. Mwenzangu mmoja, kijana hodari, aliinua chupa ya zebaki kwa haraka kwa sababu adhana ya Ijumaa ilikuwa inakaribia. Ncha ilikatika na hewa ikaingia kwa kishindo. Zebaki tuliiokota siku mbili.

Kilichonifanya niipende geji hii kuliko nyingine zote ni kwamba haina siri. Mwalimu wangu wa maabara, mzee wa Lamu, alinionyesha jinsi ilivyopimwa kabla ya kuzibwa. Unajaza tufe zebaki, unaimimina kwenye bakuli juu ya mzani, unagawanya kwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya zebaki, umepata ujazo. Kwenye mrija unaingiza uzi wa zebaki, unapima urefu wake kwa rula na uzito wake kwa mzani, umepata upana wa tundu. Basi. Mzani na rula, na mtu yeyote anaweza kukukagua. Geji ya umeme ni jambo jingine. Ile ya Pirani, iliyotoka mwaka 1906, ina waya wenye moto, na hewa ikipungua waya haupozwi sana kama awali. Ni ya haraka na inasoma bila kukatika, ndiyo maana viwanda vya balbu viliihitaji. Marcello Pirani mwenyewe alikuwa akifanya kazi ya balbu Berlin, na kupandisha na kuteremsha zebaki siku nzima ni kazi ya kuchosha. Lakini waya haujui milimita ni nini. Na kila gesi inaupoza kwa namna yake: haidrojeni inaupoza sana, agoni kidogo. Lazima mtu aiambie sindano maana ya mahali iliposimama. Kwa miongo mingi aliyeiambia alikuwa McLeod.

Lipo sharti moja ambalo wengi wanalisahau. Zebaki yenyewe hutoa mvuke. Katika chumba chenye nyuzi 30 mvuke huo una presha ya karibu milimita 0.0028, kubwa kuliko ile tuliyopima kwenye mfano wetu. Geji haiuoni, kwa sababu ukibanwa unarudi kuwa zebaki. Lakini upo, na utasafiri hadi kwenye chombo chenu. Kwa hiyo kati ya geji na chombo huwekwa mtego baridi, mrija uliozamishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, mvuke ugande hapo. Nao mtego una gharama yake: mvuke wa zebaki unapokimbilia kwenye baridi unaisukuma hewa njiani, na geji inasoma pungufu kidogo. Kwa maabara ya chuo halitawasumbua. Kwa waliokuwa wakitumia McLeod kama kipimo mama cha nchi nzima liliwasumbua kweli.

Ushauri wangu: itunzeni, lakini zebaki itolewe na mtu anayejua, ihifadhiwe kwenye chupa nene ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya chombo kingine. Kioo kisafishwe na kitundikwe ukutani mahali wanafunzi watakapokiona. Kama mkuu wako ataamua itumike, iwe juu ya sinia pana, madirisha wazi, na dhahabu yote ibaki nyumbani. Zebaki inakula dhahabu. Mimi bangili za harusi yangu nilizivua siku ya kwanza, na kila siku ya kazi zilishinda kwenye sanduku Kibokoni.

Friza ya samaki imeua kompresa mbili

*Salaam Bi Maabara. Mimi ni fundi wa friji na AC, Likoni. Kuna mteja wangu muuza samaki, friza yake imeua kompresa mbili mwaka huu. Nikimaliza kuunganisha navuta ombwe kwa pampu mpaka geji inakaa 30 chini ya sifuri, dakika ishirini, ndipo natia gesi. Friza inagandisha vizuri siku chache, halafu inaacha, halafu inarudi yenyewe. Rafiki yangu wa chuo ameniambia ombwe langu si la kweli, na kwamba kuna geji ya zebaki isiyodanganya. Naipata wapi? — Fundi, Likoni*

Aleikum salaam, fundi. Rafiki yako amesema kweli kuhusu ombwe na amekosea kuhusu geji. Kosa lake mimi pia nimelifanya, na liligharimu idara yetu miezi miwili, kwa hiyo nivumilie nikusimulie.

Tulikuwa tunatengeneza mirija ya kioo ya kuwaonyesha wanafunzi umeme ukipita kwenye gesi. Tulikuwa na McLeod na Pirani kwenye bomba moja. Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika, ukitundika kanga ndani ya nyumba haikauki siku mbili. McLeod ikasema tumefika milimita 0.008, vizuri tu. Pirani ikasema karibu nusu milimita, yaani ovyo. Nani aaminiwe? Nilikuwa nimefundishwa kwamba McLeod ndiye shahidi. Tukaifungasha Pirani ikapelekwa Nairobi kutengenezwa. Ikarudi na karatasi: haina ubaya. Tukaiunga tena, ikasema nusu milimita.

Wakati wote huo daftari langu lilikuwa linaniambia ukweli na mimi sisikii. Urefu wa hewa kwenye mrija wa McLeod saa mbili asubuhi ulikuwa milimita 25. Saa nane mchana, 32. Kesho yake tena, 25 na 32. Pampu ikienda saa moja au saa sita, ni yale yale. Yule mzee wa Lamu alikuwa amestaafu, alikuja kutusalimu tu. Alilisoma daftari amesimama, akauliza chumba kina joto gani asubuhi. Nyuzi 26. Na mchana? Nyuzi 30. Akafungua kitabu cha majedwali, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mvuke wa maji. Presha ya mvuke ulioshiba kwa nyuzi 26 ni milimita 25.2. Kwa nyuzi 30 ni 31.8.

Nilikuwa napima joto la chumba, fundi. Siku zote zile.

Sababu ni hii. Hewa ikibanwa inabaki hewa. Mvuke wa maji ukibanwa unafika mahali unasema basi, unakuwa maji. Tone la maji halichukui nafasi yoyote ya kuonekana, na kinachobaki juu yake ni mvuke ulioshiba, ambao presha yake inaamuliwa na joto peke yake. Mzee alichukua lenzi ya mkononi akaniambia nitazame ncha ya mrija zebaki ikiwa juu. Palikuwa na ukungu mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Pirani ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, maana waya unapozwa na mvuke kama unavyopozwa na hewa. Tukafungua pampu. Mafuta yalikuwa meupe kama tui la nazi. Kilango kidogo cha kuingizia hewa kavu, kile kinachosaidia pampu kutema mvuke, mtu alikuwa amekifunga na hakuna aliyejua lini. Tukabadili mafuta, tukaacha kilango wazi usiku kucha. Kesho yake urefu wa hewa kwenye mrija wa McLeod ulikuwa milimita 9, na saa nane mchana ukawa 9 vile vile. Pirani nayo ikashuka. Nilikaa chini nikashusha pumzi.

Sasa njoo kwenye friza yako. Wewe adui yako ni nani? Ni maji. Yule anayeganda kwenye ncha ya kapilari, ule mrija mwembamba wa kupitisha gesi, friza ikaacha, barafu ikayeyuka, friza ikarudi. Dalili uliyoandika ni yake. Ndiye anayechanganyika na mafuta ya kompresa, hasa ya mashine za R134a ambayo yanapenda maji mno, akazalisha asidi inayokula waya za mota. McLeod ni kipofu kwa adui huyo huyo. Ungekuwa na nusu milimita nzima ya mvuke ndani ya mabomba, yaani mikroni 500, ile geji yetu ingekuonyesha mikroni 8. Ungefunga vali umefurahi. Tena zebaki karibu na samaki wa kuliwa, hapana. Usiilete kabisa.

Na ile geji yako ya mshale? Inasoma inchi. Inchi moja ya zebaki ni mikroni 25,400. Mikroni 500 ni unene mdogo kuliko sindano yenyewe. Kwa hiyo mshale ukikaa kwenye 30, unaweza kuwa na mikroni 500 au 10,000 na hutajua tofauti.

Unachohitaji ni geji ya mikroni ya umeme, ndogo ya mkononi, ukoo wa ile Pirani. Wauza vifaa vya friji wanaziuza. Iunge upande wa mashine, mbali na pampu, kwa sababu karibu na pampu ombwe ni zuri siku zote na halikuambii lolote kuhusu kona ya mwisho ya friza. Tumia mpira mfupi na mpana. Toa kile kijiti cha vali kinachobana njia, kama una kifaa chake. Mafuta ya pampu yabadilishe, na ukiona weupe wa tui usijaribu hata kuwasha. Vuta mpaka chini ya 500, kisha funga vali ya pampu na utazame namba. Ikipanda bila kusimama, una tundu. Ikipanda halafu ikasimama mahali, maji bado yapo ndani yanachemka. Puliza nitrojeni kavu, vuta tena, hata mara tatu. Dakika ishirini ni za mashine kavu. Friza iliyowahi kuachwa wazi masika ipe saa kadhaa.

Joto letu linakusaidia hapa. Kwa nyuzi 30 maji yanachemka presha ikishuka chini ya milimita 32 hivi. Fundi wa Limuru mwenye nyuzi 15 lazima ashuke mpaka karibu 13. Lakini unyevu wetu unakudai, kwa hiyo bomba lisikae wazi hata wakati wa kunywa chai. Weka kizibo. Na kichujio cha kukaushia kifungue mwisho kabisa, kiweke kipya kila ukifungua mashine. Kompresa mbili kwa mwaka ni pesa nyingi kwa muuza samaki. Mtendee haki.

Zebaki imemwagika chumbani

*Bi Maabara, mwanangu wa miaka 12 alipewa na rafiki yake kichupa cha zebaki kutoka kwenye geji iliyovunjika. Jana kilimwagika kwenye mkeka chumbani. Nimefagia lakini leo naona vitone vinang'aa sakafuni. Je, ni hatari? — Mama, Mikindani*

Mama, nakujibu hapa lakini nimekuandikia pia moja kwa moja siku niliyopokea barua, kwa sababu jambo hili halingoji toleo.

Ndiyo, ni hatari, na hatari yake kubwa ni kuvutwa puani. Mtu akimeza tone la zebaki sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Mvuke wake ndio unaoingia mapafuni na kwenda hadi kwenye ubongo na figo, na watoto huumia zaidi. Mvuke hauna harufu. Chumba chetu cha Mombasa ni cha joto, na joto linauongeza.

Watoto na wajawazito walale chumba kingine. Fungua madirisha yote, funga mlango wa ndani. Usifagie tena: ufagio unalivunja tone moja kuwa mia na kila moja linatoa mvuke. Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi. Vua pete na bangili, vaa glovu. Usiku zima taa, laza tochi sakafuni ubavu, mwanga utambae. Vitone vitang'aa hata kwenye nyufa. Visukume polepole kwa kadi ngumu mpaka vikutane, vinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au vinase kwa utepe wa gundi. Kwenye nyufa nyunyiza unga wa kiberiti wa dukani, ule wa manjano, uache siku moja kisha uukusanye kwa kadi hiyo hiyo.

Mkeka sikufichi, umepotea. Ufagio pia. Vifunge kwenye plastiki mbili. Usivichome, moto utaigeuza zebaki yote kuwa mvuke mtaa mzima upumue. Usimwage chochote chooni wala kwenye sinki. Uliza ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira, wakuelekeze kwa mwenye leseni ya kubeba taka za hatari, na mpaka siku hiyo mzigo ukae nje, kivulini, mbali na watoto na kuku.

Mwanao mpeleke hospitali ukawaeleze ilivyokuwa, hata kama anaonekana mzima. Akiwa na kikohozi, kutetemeka mikono, au usingizi ukamkimbia, nenda leo. Na muulize kwa upole rafiki yake ni nani, bila kumtisha, maana kile kichupa kilitoka kwenye chombo kikubwa zaidi, na ile zebaki nyingine ipo nyumba ya mtu. Mama yake huyo mtoto ajulishwe kabla jua halijazama.